Ubani wa Kila Asubuhi

Kaka yangu alianza kuvuta unga kwenye mashua za wageni. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka kwenye mwamba kuangalia samaki, na baadhi yao walikuwa wakikaa naye pwani baada ya kazi. Nyumbani kwetu Malindi tulijua bangi, tulijua tembo la mnazi, na kila mtaa ulikuwa na mlevi wake ambaye watoto walimfuata wakimwimbia. Unga hatukuujua. Tuliona tu kwamba amekonda, anajikuna, anasinzia na tonge mkononi, na vitu vya nyumbani vinapungua. Kwanza ilipotea redio, halafu saa ya ukutani ya marehemu baba, halafu sufuria kubwa ya mama ya kupikia pilau ya watu.

Tulipojua ni nini, kila mtu akaja na dawa yake. Jirani yetu wa bara, mama mmoja aliyefua mashuka hotelini, alitaka tumpeleke kanisani kwao akaombewe. Mama alimshukuru, akabadilisha mazungumzo. Ami, ndugu wa marehemu baba, alikuja kutoka Mambrui akamchapa kwa mkwaju kama mtoto wa chuo cha Kurani, kaka akalia, akaomba radhi, na jioni ile ile hakuonekana. Ami huyo huyo akampeleka kwa mganga huko Jilore. Mimi na mama tulifuatana nao. Kaka alinyweshwa maji ya mizizi, akatapika tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, na mganga akachungulia matapishi akasema, "Kimetoka, wenyewe mnakiona." Mimi sikuona kitu. Mama aliona. Tulirudi tukimshukuru Mungu, na kesho yake kaka alikuwa pwani.

Hospitalini, muuguzi mmoja mtu mzima alituambia kwamba maradhi haya yana mahali pake, na mahali pake ni Mombasa, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama alisimama hapo hapo akajitanda buibui lake.

"Mwanangu si mwendawazimu," alisema. "Nikimtia humo, nani atamwoza mke?"

Neno hilo nalikumbuka sana sasa. Siku ile lilinipita.

Ndipo tukaenda kwa mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu, aliyenifundisha hata mimi kusoma Kurani. Mwalimu hakumchapa wala hakumtapisha. Alimtaka kaka mwenyewe aseme kama anataka kuacha, na kaka akasema anataka. Mwalimu akatuambia: asitoke nyumbani, rafiki wa mashua asiingie, aogeshwe maji ya majani ya mkunazi, na kila asubuhi kabla hajala anywe kombe. Kombe alikuwa akiliandika yeye mwenyewe, aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe. Mimi nilikuwa nikiifuata sahani, nikiibeba nimeifunika kwa kawa isiingie vumbi, na nyumbani mama akiiosha kwa maji na marashi, na kaka akiyanywa yale maji ya manjano.

"Lakini ataumwa," mwalimu alisema. "Ataumwa sana. Msimhurumie huruma ya kumrudisha."

Aliumwa. Wenyewe huita arosto. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na pa kwenda, basi kazi ya kukaa naye ikawa yangu. Alitetemeka kama mtu wa homa, kamasi zikamtoka, tumbo likamwenda, akajikunja juu ya mkeka akisema mifupa yake inatafunwa. Alinitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Halafu alinishika mkono akaniita mama. Nilimfuta jasho, nilimwaga ndoo, nilimsomea zile sura fupi ninazozijua, nikizikosea kosea kwa kuogopa. Mimi ni mtu wa haya. Hata dukani nilikuwa nikisubiri wote wanunue kwanza. Lakini mbele ya kaka mgonjwa haya zilinitoka, nikawa naongea naye kuliko nilivyowahi kuongea na mtu. Nilimwambia tukivuka hapa tutakwenda Sabaki, kwa shangazi, tukalime naye matikiti.

Mama hakuweza kukaa chumbani. Alikuwa akisimama mlangoni, anasikia mwanawe analia, anaondoka, anarudi.

Asubuhi moja alikuja na chetezo, kile chungu kidogo cha kufukizia. Akanambia niwashe makaa.

"Mwalimu ameongeza dawa," alisema. "Afukizwe ubani baada ya kombe, mlango na dirisha vifungwe. Wewe toka, mwanangu. Wewe msichana. Kitakachomtoka kisije kikakuingia wewe."

Niliwasha makaa, nikayapuliza mpaka yakawa mekundu, nikaponda ubani, nikatoka. Mlango ukafungwa. Moshi ulipenya chini ya mlango na kwenye nyufa za dirisha, mwingi, mpaka majirani wakakohoa na kuuliza kama tuna harusi. Mama alipofungua, kaka alikuwa amelala. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto. Nililia kwa furaha pale pale ukumbini.

Tangu siku ile hakuumwa tena. Kila asubuhi nilileta sahani, niliwasha makaa, nilitoka nje. Kila asubuhi mlango ulifungwa, na ulipofunguliwa kaka alikuwa mtulivu. Akaanza kula, akanenepa kidogo. Akanyoa ndevu, akaanza kuonekana msikitini kwenye safu ya mbele, na wazee wakamshika mkono. Mtaani wakasema kombe la mwalimu yule ni la kweli, na watu wakaanza kumletea vijana wao. Mimi nilitembea nimeinua kichwa. Niliona kwamba na mimi nina fungu langu katika kupona kwake.

Hapo mama akataja posa. Alimtaka shoga yangu.

Shoga yangu huyu tulisoma dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye alikuwa msemaji kwa wote wawili. Mwalimu wa shule akiniuliza swali, yeye hujibu kisha husema, "Ndivyo alivyotaka kusema." Alikuwa akimpenda kaka tangu zamani, kabla ya unga, na mimi peke yangu nilijua. Posa ilipopelekwa alinikamata nyuma ya nyumba yao akanitikisa mabega. "Mwambie nyanya! Mwambie amepona! Wewe ukisema atakubali."

Kwa maana kwetu binti haozwi kabla watu wake hawajauliza. Nyanya yake, aliyemlea, hakwenda kumuuliza imamu wala mwalimu. Alikuja kwetu saa ambayo mama yuko sokoni, akaketi barazani, akaniita.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Njoo huku. Usijifiche nyuma ya mlango kama paka aliyeiba nguru."

Nikaketi.

"Mjukuu wangu ni shoga yako. Nikiwauliza wakubwa watanipamba maneno, maana kila mtu anataka kula pilau. Wewe nakujua tangu ukitambaa. Uongo huuwezi, hata ukweli wenyewe hukushinda kuusema. Sasa niambie. Huyu kaka yako amepona?"

"Amepona, nyanya."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Niko naye mchana kutwa. Hatoki ila msikitini. Halii tena. Anakula."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Halafu akacheka. "Haya. Mtu mwingine angeniapia. Wewe hukuapa, basi nimeamini."

Aliporudi mama nikamweleza. Alinikumbatia, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara kwa mara, akasema, "Mungu akupe na wewe mume mwema." Nilifurahi siku nzima.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya sala ya alasiri. Kaka akaingia fungate kwa kina bibi harusi, kama ilivyo desturi, siku zile ambazo bwana harusi hatoki nje, hula na kulala tu na watu humtumikia. Mama akanipa kijaluba cha bati kilichofungwa kwa kitambaa.

"Ubani wake usikatike," alisema. "Kila asubuhi mpelekee na chetezo. Usikifungue njiani, ubani huingia unyevu. Na mwambie mwenzio atoke chumbani kwa muda ule."

Nilipeleka. Shoga yangu, na hina mkononi, na shada la asumini bado limo kichwani, akatolewa chumbani kwake mwenyewe. Alikaa nami jikoni akinitania. "Wifi yangu wee, haya ni makubwa! Bibi harusi anafukuzwa na moshi! Mwambie mamako nitafukizwa naye, kama jini ni letu sote." Nilicheka. Niliona ndiyo raha yenyewe, shoga kuwa wifi.

Haikupita hata fungate yenyewe. Asubuhi moja nilikuta mlango wa kwao uko wazi na shoga yangu amesimama ukumbini. Kaka alikuwa bado amelala. Mwenzangu alikuwa ameshika kile kijaluba cha jana.

"Nilitaka ubani kidogo, nifukize nguo zangu," alisema. "Nikakifungua. Ubani uko juu. Chini kuna hivi. Ni nini?"

Vilikuwa vikaratasi vidogo vilivyosokotwa. Kimoja alikuwa amekifungua. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya kahawia, kidogo, kama mchanga laini, na harufu yake kali kama ya siki.

"Ni ubani," nilisema, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo.

"Usinifanye mjinga. Hivi ni nini?"

Nilikuwa nimewahi kuviona, zamani, mfukoni mwa shati la kaka nilipokuwa nikifua.

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Umeleta wewe. Kwa mkono wako. Kila siku. Nami nakaa nawe jikoni nacheka kama mwehu, na mume wangu yumo mle anavuta."

"Mama alinipa kimefungwa."

"Na nyanya alipokuuliza, mama alikuwa amekufunga mdomo?"

"Niliona amepona," nilisema. "Wallahi niliona amepona."

Aliketi juu ya jamvi na nguo zake za harusi, akavitazama vile vikaratasi.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda chuoni kwa mwalimu. Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti, ikabidi nisogee karibu yake kuliko adabu inavyoruhusu.

"Shikamoo, mwalimu. Ule ubani wa kaka uendelee mpaka lini?"

"Ubani gani?"

"Uliosema afukizwe kila asubuhi, mlango ufungwe."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mimi sikuagiza ubani, mwanangu. Mimi niliagiza kombe na mkunazi. Na mlango nilisema uwe wazi, mwonane naye." Kisha, polepole, akaelewa. Nilimwona anatazama sahani nyeupe zilizopangwa pembeni yake, sahani za vijana wa watu.

Wakubwa walikaa siku ile ile, kwenye ukumbi wa kina shoga yangu: nyanya, baba yake bibi harusi, ami yetu aliyeitwa kutoka Mambrui, mama na mimi. Kaka alikaa mwisho wa jamvi. Hakuwa amepata ubani wake, na alikuwa ameanza kupiga miayo na kufuta pua kwa kiwiko.

Mama alikana. Alisema ni rafiki wa mashua, wamepenyeza uchafu wao ili kuivunja ndoa. Alisema kwa utulivu, na ami akamuunga mkono. Halafu mama akanigeukia.

"Huyu hapa ndiye aliyebeba. Muulizeni yeye kama mimi nimempa unga."

Alijua nitanyamaza. Maisha yangu yote nilikuwa nimenyamaza mbele ya watu, na yeye ndiye aliyekuwa akinijibia. Nyanya hakuniuliza kitu. Alingoja tu.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ami akaniambia nipaze, nikarudia. Nilisema kijaluba nilipewa na mama kikiwa kimefungwa kwa kitambaa na nikakatazwa kukifungua. Nilisema mwalimu hakuagiza ubani. Nilisema kwamba kijana mmoja wa mashua alikuwa akija mlango wa uani na samaki, na mama alikuwa akimpokea mwenyewe, nami nilidhani ni samaki tu.

Mama hakulia. Alijitanda buibui vizuri, kama siku ile hospitalini.

"Haya," alisema. "Ni mimi. Mlitaka nimsikilize anakufa? Mtoto haachishwi ziwa kwa siku moja. Unampunguzia, unampaka shubiri kidogo, analia kidogo, anasahau. Nilikuwa nampunguzia. Nilisema akipata mke, akapata mtoto, atamaliza mwenyewe. Na alikuwa anapungua! Mtoto wenu huyu, mkwe wenu, alikuwa anapungua!"

Nyanya akasema, "Shubiri hupakwa kwenye ziwa la mama, mwanangu. Haipakwi kwenye ndoa ya watoto wa watu."

Baba yake bibi harusi akamuuliza kaka kama ataacha mke au atapelekwa kwa kadhi. Kaka akatoa talaka pale pale, akiangalia miguu yake. Nadhani alitaka tu kikao kiishe. Shoga yangu alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia bangili zake zikigongana, basi.

Kesho yake nilimkuta mama jikoni anakuna nazi. Hatukuwa tumesemezana. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda, nikamuuliza jambo moja.

"Kwa nini hukunambia mimi? Mimi ndiye niliyekaa naye. Mimi ndiye niliyewasha makaa."

Hakuinua uso kwenye mbuzi ya nazi.

"Ningekwambia, ungemwambia nini nyanya yake? Uso wako hauna pazia. Ilibidi uamini, ndipo na wao waamini."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza kwa nini mchele huoshwa kabla ya kupikwa. Akaendelea kukuna. Na mimi nikaelewa kwamba tangu siku ile ya kwanza ya ubani alikuwa ananiandaa, na kwamba kule kunikumbatia kulikuwa kunishukuru kwa kazi iliyokwisha kufanywa vizuri. Ningeweza kumsamehe kwa ajili ya kaka. Nilisikia kilio kile mimi pia; najua kinavyokata. Hili la pili sijui linasamehewa vipi.

Aliyempeleka kaka Mombasa, kwenye hospitali ile aliyoikataa mama, ni ami, na mimi nilikwenda nao kwa sababu kaka alitaka. Tulimkuta mganga wa hospitali, kijana mwenye koti jeupe, akatukaribisha kwenye viti. Aliongea na kaka kwa heshima, wala hakumwita mwehu. Alitueleza kwamba watampa dawa za kupunguza maumivu, kwamba atalazwa, kwamba ataumwa lakini watakuwapo, na kwamba wengi hurudi tena na tena kabla hawajaweza, na kurudi huko si mwisho wa safari. Nilimsikiliza nikafikiri, kumbe ilikuwapo namna ya kumpunguzia mtu maumivu bila kumdanganya mtu.

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwangalia?"

"Ndiyo."

"Alikuwa akitumia kiasi gani kwa siku? Alikaa muda gani bila kutumia?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeishi naye chumba kwa chumba. Nilijua sura gani alipenda nimsomee, na ubavu gani aliolalia.

"Usimuulize," kaka alisema. "Hajui kitu."

Akaanza kujieleza mwenyewe, akitazama dirisha. Alieleza kila kitu, tangu mashua mpaka fungate, kwa mpangilio, kama mtu anayesimulia kazi yake. Nilisikia miezi yangu yote ikisimuliwa upya, na mimi simo. Mganga aliandika. Ami alipangusa miwani.

Mwisho mganga akasema mgonjwa atahitaji mtu mmoja wa kwao wa kuja kumwona mara kwa mara, mtu anayemwamini, na akauliza kama ni mimi. Kaka alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, sijui ni maradhi au ni yeye.

"Mwandike mama," nilimwambia mganga. "Mama ndiye anayejua."

Nikamwekea kaka kanzu yake safi juu ya kitanda, nikamwombea dua ya mgonjwa, nikatoka na ami kwenda kutafuta gari la Malindi.